Uzi maalumu: Megabiti peke yake hazikuambii ubora wa picha ya HD

#1 – Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Kila tukijadili televisheni ya HD tunaishia kwenye swali lilelile: chaneli fulani inarusha megabiti ngapi kwa sekunde? Mwenye 12 anamshinda mwenye 8, mjadala unafungwa. Kazi yangu ni enkoda za matangazo, yaani mashine zinazobana picha kabla haijarushwa, na jambo hili linanigusa, kwa hiyo naomba tulichimbe vizuri. Namba hiyo ikisimama peke yake haisemi lolote. Ubora wa picha unaamuliwa na kile enkoda inachokitupa pale sekunde ngumu inapofika. Sekunde nyepesi kila enkoda inaziweza.

Tuanze na mzigo wenyewe. Waya wa HD-SDI unaotoka kwenye kamera ya studio unabeba gigabiti 1.485 kwa sekunde. Ondoa sehemu zisizo na picha, bakiza pikseli 1920 kwa 1080, fremu 25 kwa sekunde, rangi ya 4:2:2 na biti 10. Bado una zaidi kidogo ya gigabiti moja. Mtazamaji anapelekewa megabiti 8, au 10 kama ana bahati. Yaani katika kila biti mia zilizotoka kwenye kamera, moja ndiyo inayofika nyumbani.

Punguzo la kwanza ni la rangi. Jicho linaona tofauti za mwangaza kwa undani kuliko tofauti za rangi, hivyo rangi, ambayo kwenye 4:2:2 tayari imepunguzwa nusu kwa upana, inapunguzwa nusu kwa urefu pia, na biti 10 zinakuwa 8. Hapo tumeshuka hadi megabiti 622 hivi, na watu wengi hawatagundua kitu mpaka ije picha ya anga la jioni linalofifia polepole. Biti 8 haziwi na vivuli vya kutosha kati ya rangi moja na jirani yake, na unaanza kuona michirizi kama mistari ya ramani. Ukikutana nayo, usikimbilie kulaumu megabiti.

Punguzo kubwa linatokana na kufanana kwa fremu. Fremu ya I inajitegemea. Fremu ya P inatabiriwa kutokana na iliyotangulia. Fremu ya B inachukua kwa iliyotangulia na kwa inayokuja pia. Enkoda inagawa picha katika vipande vya pikseli 16 kwa 16, inatafuta kila kipande kilikuwa wapi kwenye fremu nyingine, inatuma mwelekeo wa mwendo, kisha inatuma mabaki, yaani tofauti kati ya utabiri na picha halisi. (Ndiyo maana ndani ya mkondo picha ya mistari 1080 inasimbwa kama 1088: 1080 haigawanyiki kwa 16, na mistari 8 ya ziada inakatwa king'amuzi kikishafungua picha.)

Mabaki hayo yanageuzwa kuwa masafa, kisha yanagawanywa kwa hatua fulani na kukatwa desimali. Undani unapotelea hapo. Kutafuta mwendo hakupotezi, kugeuza kuwa masafa hakupotezi kitu cha maana, kufunga biti mwishoni hakupotezi kabisa. Ukubwa wa hatua ile ndio kila kitu. H.264 ya biti 8 (H.264 ni kodeki, yaani kanuni ya kubana video) ina ngazi 52 za kuchagua, kuanzia 0 hadi 51, na kila ukipanda ngazi 6 hatua inaongezeka maradufu.

Sasa ipe enkoda uwanja wa mpira. Kamera inakimbia na mshambuliaji, nyasi zote zinasogea, nyuma kuna mashabiki elfu kadhaa na kila mmoja anapunga mkono kivyake, juu mvua. Utabiri unashindwa, mabaki yanafura, na njia ni ileile ya megabiti 8. Enkoda haina mlango mwingine wa kutokea, inapanda ngazi. Nyasi zinapoteza majani na kubaki kijani kitupu. Fremu ya I inayofuata inarudisha majani kidogo, kisha yanayeyuka tena taratibu, kisha yanarudi. Ukikaa karibu na skrini utaona uwanja unapumua. Jina la chaneli likiwa na HD au lisiwe nayo, unachokiona wakati huo si HD.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kwa H.264, ukiwa na chini ya megabiti 8 na unarusha michezo, acha 1080i. Rusha 720p, yaani pikseli 1280 kwa 720, fremu 50 kamili kwa sekunde. Fanyeni hesabu ndogo. 1080i ya fremu 25 ina pikseli milioni 51.84 kwa sekunde. 720p50 ina milioni 46.08. Hazitofautiani sana, lakini 1080i imekatwa katika nusupicha za mistari 540, mistari ya shufwa na ya witiri kwa kupokezana, na kati ya nusupicha moja na nyingine mchezaji ameshasogea. Kila kipande kinailazimisha enkoda iamue: nikisimbe kama fremu moja au kama nusu mbili? Utabiri wa mwendo unakuwa mgumu, na mabaki yanaongezeka. Halafu televisheni bapa zote zinaonyesha fremu kamili, kwa hiyo televisheni inabidi iziunganishe nusu hizo kwa kubahatisha, tena ikiwa imepewa nusu zenye majeraha ya mbano. Umoja wa Utangazaji wa Ulaya, EBU, ulipendekeza 720p50 kwa urushaji tangu 2004. Marekani ABC na Fox walichagua 720p, CBS na NBC wakachagua 1080i. Kwa maoni yangu waliochagua 720p waliutendea mpira haki.

Karibuni.

#2 – Mchangiaji

Mkuu, ahsante kwa uzi. Swali la mtu asiye fundi: chaneli moja ninayoitazama habari zake zinang'aa kabisa, hadi vinyweleo vya mtangazaji unaviona. Ukianza mpira tu, viboksi. Ni chaneli ileile, king'amuzi kilekile. Wanashusha ubora makusudi?

#3 – Mleta uzi

Hapana, ndugu yangu, huenda mpira wanaupa biti nyingi kuliko habari. Mtangazaji amekaa, kamera imefungwa, nyuma yake ukuta haubadiliki. Fremu moja ya I ikishatumwa, zinazofuata zinasema "vilevile, isipokuwa mdomo". Megabiti 4 zinatosha na zinabaki. Biti zilizobaki zinatumika kung'arisha hivyo vinyweleo unavyoviona. Mpira unahitaji mara tatu ya hizo au zaidi, na hazipo.

Hapa ndipo inapoingia maltipleksi ya kitakwimu. Masafa mamoja hayabebi chaneli moja. Chukua DVB-T2, mfumo wa kidijitali wa televisheni ya mnara, kwa namna Uingereza walivyoipanga walipoanza HD ya mnara Desemba 2009: chaneli ya masafa ya megahezi 8 inabeba takriban megabiti 40. Weka humo chaneli tano za HD. Ukizigawia sawasawa, kila moja inapata 8 pungufu kidogo, kwa sababu sauti na data za ratiba nazo zinakula. Kwa mgao wa kitakwimu, kompyuta moja inazitazama enkoda zote tano na kuuliza kila mara: nani ana picha ngumu sasa hivi? Mwenye mpira anapewa 13, mwenye habari anapewa 4. Baada ya nusu sekunde mgao unabadilika.

Ni kitu kizuri sana, na ndicho kinachofanya chaneli nyingi ziwezekane. Lakini ni blanketi moja kwa watu watano: Jumamosi jioni chaneli tatu zikirusha mechi kwa pamoja, hakuna wa kumvuta. Kampuni ikiongeza chaneli ya sita kwenye masafa hayohayo, wastani unaonekana kushuka kidogo tu, ila kwenye sekunde ngumu ndipo kila mtu anaumia. Wastani wa megabiti hauwezi kukuonyesha hilo hata siku moja.

#4 – Mchangiaji

Mleta uzi, nakuheshimu lakini kwenye 720p sikubaliani nawe. Mimi niko upande wa tamthilia na vipindi vya makala. Picha iliyotulia, ya msitu au ya sura ya mzee, kwenye 1080i ina undani ambao 720p haiwezi kuubeba hata ukiipa megabiti mia. Mistari 1080 ni mistari 1080. Filamu iliyopigwa kwa fremu 25 haina nusupicha zinazogombana, nusu zote mbili zimetoka sekunde ileile, enkoda inaisimba kama fremu kamili. Kwa nini tuzipunguze pikseli za kila kipindi kwa ajili ya dakika 90 za mpira?

Pili, umesahau njia ya katikati ambayo chaneli nyingi zinaitumia: 1440 kwa 1080.

#5 – Mleta uzi

Kwenye filamu uko sahihi, na ndiyo maana nilisema michezo. Kipindi kilichopigwa fremu 25 kamili kikipita ndani ya 1080i, enkoda nzuri inagundua na haipotezi kitu. Ugomvi wangu ni wa megabiti chache pamoja na mwendo.

1440 kwa 1080 sikuisahau, nilitaka aitaje mwingine. Unapunguza upana kwa robo, king'amuzi kinaunyoosha tena. Hesabu ya biti kwa kila pikseli, kwa megabiti 10: 1080i kamili inapata takriban 0.19, 720p50 inapata 0.22, na 1440 kwa 1080 inapata 0.26. Japani HD yao ya mnara, iliyoanza Desemba 2003 kwa MPEG-2, kodeki iliyoitangulia H.264, imetumia sana upana huo wa 1440. Mtazamaji anapoteza ukali wa mistari ya wima, lakini anapoteza kidogo kila wakati badala ya kupoteza sana kwa ghafla. Mimi napendelea hasara ya namna hiyo. Jicho linauzoea ulaini usiobadilika. Haliuzoei undani unaokuja na kuondoka.

Hii ndiyo maana nasisitiza kushusha pikseli. Kushusha pikseli ni uamuzi unaoufanya mara moja, ukiwa umetulia, kwa kichujio kizuri. Usiposhusha, enkoda itakushushia yenyewe, kipande kwa kipande, katikati ya shambulizi la goli.

#6 – Mchangiaji

Yote haya si yanamalizwa na HEVC, kodeki iliyokuja baada ya H.264? H.264 imepitwa. Wahamie tu.

#7 – Mleta uzi

Kwa upande wa mbano una hoja. H.264 ilipoidhinishwa 2003 ilikuja na ahadi ya kufanya kazi ya MPEG-2 kwa nusu ya biti, na ikaitimiza enkoda zilipokomaa. HEVC, ya 2013, imeleta punguzo la karibu kiasi hicho tena. Vipande vyake vinafika pikseli 64 kwa 64, kwa hiyo anga tupu au ukuta havimalizi biti kwa kuelezwa kidogo kidogo. VVC ya 2020 inaendelea na njia hiyohiyo.

Lakini mtangazaji hamiliki ving'amuzi vilivyoko majumbani. Kampuni ya filamu za mtandaoni inaweza kumtumia kila mteja toleo analoweza kulifungua. Mnara unatuma mkondo mmoja kwa wote. Ukihama kodeki, asiye na king'amuzi kipya anabaki na skrini nyeusi. Ukirusha zote mbili kwa kipindi cha mpito, unabeba chaneli ileile mara mbili, na kwa miaka kadhaa unatumia biti nyingi zaidi ili baadaye utumie chache. Ufaransa ilihamisha televisheni yote ya mnara kwenda H.264 kwa siku moja, tarehe 5 Aprili 2016. Ujerumani ilianza DVB-T2 na HEVC Machi 2017, na ikatumia fursa hiyo kuhamia 1080p50, fremu kamili bila nusupicha. Wajerumani walinifurahisha sana. Walibadilisha kodeki na umbo la picha kwa pigo moja, mtazamaji akanunua king'amuzi mara moja.

Na umbo lilipaswa kubadilika, kwa sababu HEVC haina zana zile za H.264 za kuchagua kipande kwa kipande kati ya fremu na nusupicha. Ukiing'ang'ania 1080i ndani ya HEVC, sehemu ya faida uliyoifuata inapotea. Ongeza na leseni: hataza za HEVC ziligawanyika kwa makundi kadhaa ya wamiliki, na kila kundi lilitaka kulipwa kivyake.

Tena kuna jambo moja ambalo hulisikii mara nyingi. Kiwango kama H.264 kinaeleza king'amuzi kifungue vipi mkondo. Hakielezi enkoda iubane vipi. Enkoda mbili za H.264, megabiti zilezile, zinaweza kutoa picha zinazotofautiana waziwazi. Moja inatafuta mwendo kwa upana na kuzitazama fremu nyingi zijazo kabla ya kuamua, nyingine inakata kona. Kabla ya kununua ving'amuzi vipya kwa taifa zima, inafaa kuuliza enkoda iliyoko kituoni ina umri gani.

#8 – Mchangiaji

Hilo la enkoda linanikumbusha BBC HD. Agosti 2009 walibadilisha enkoda na kushusha kutoka megabiti 16 hadi 9.7. Watazamaji walilalamika sana, BBC wakashikilia kwamba enkoda mpya zinatosha. Wewe ungesimama upande gani?

#9 – Mleta uzi

Sikuwa kwenye chumba chao cha majaribio, kwa hiyo nizungumzie ugomvi wa aina hiyo kwa ujumla. Pande zote mbili zinaweza kuwa zinasema kweli. Enkoda mpya inaweza kuwa sawa au bora kwa wastani wa saa mia za vipindi, na wakati huohuo ikawa mbaya kuliko ya zamani kwenye aina moja ya picha, kwa mfano taswira moja inapofifia na kuingia nyingine. Mtazamaji hakumbuki wastani, anakumbuka pale palipomchoma macho.

Vipimo navyo vinachangia. PSNR inalinganisha pikseli kwa pikseli na haijui jicho linaangalia wapi. Kosa kwenye umati wa mashabiki na kosa kwenye uso wa mtu kwake ni makosa sawa. SSIM na VMAF zimesogea karibu na jicho, lakini kipimo ninachokiamini ni cha watu halisi waliokaa mbele ya skrini kwa utaratibu wa ITU (Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano), BT.500, kwa umbali unaofaa, ambao kwa HD ni kama mara tatu ya urefu wa skrini kwenda juu. Anayesimamisha picha na kuisogelea anapima kitu kingine. Fremu za B huwa zinabanwa zaidi kwa makusudi, kwa sababu zinapita haraka na katika mpangilio rahisi hakuna fremu nyingine inayozitegemea.

#10 – Mchangiaji

Mimi niko kwenye vyombo vya nje ya uwanja, gari la matangazo. Naomba niongeze kitu ambacho watu wa enkoda ya mwisho huwa mnatulaumu nacho. Picha yetu inabanwa uwanjani ili isafiri kwa setilaiti hadi kituoni. Kituoni inahifadhiwa kwenye seva kwa kodeki nyingine, mara nyingi megabiti 50 au 100. Inatolewa, inawekwa nembo, inabanwa tena kwenda kwenye mnara. Mpaka imfikie mtazamaji imeshabanwa mara tatu au nne.

#11 – Mleta uzi

Mkuu, umeokoa uzi. Hili lilistahili kuwemo kwenye chapisho la kwanza.

Kila mbano unaacha chembechembe zake, na enkoda inayofuata haijui kwamba hizo ni uchafu. Inaziona kama undani na kuzitumia biti. Fremu iliyokuwa B kwenye kiungo cha setilaiti, yaani ile iliyobanwa zaidi, inaweza kuangukia zamu ya kuwa fremu ya I kwenye enkoda ya mnara, na kila kinachofuata kinajengwa juu yake. Ndiyo maana kiungo cha kutoka uwanjani kinapaswa kuwa 4:2:2, biti 10, na megabiti nyingi kwa kadiri bajeti inavyoruhusu. Megabiti 10 zilizookolewa uwanjani huwezi kuzirudisha baadaye kwa kuongeza 10 kwenye mnara.

Kelele ya kamera ina tabia ileile. Mechi ya usiku, taa hafifu, mtu kaongeza nguvu ya kamera hadi picha inachemka. Chembe zile hazitabiriki kutoka fremu moja hadi nyingine, kwa hiyo zote zinaingia kwenye mabaki. Enkoda nyingi zina kichujio cha kuzilainisha kabla ya kubana. Kikizidi, ngozi za wachezaji zinakuwa laini kupita kiasi na nyasi zinapotea hata kabla ya mbano kuanza. Kikipungua, biti zinaishia kwenye chembe. Mimi hukiweka chini na kuomba taa ziongezwe uwanjani, ingawa ombi hilo si rahisi kukubaliwa.

#12 – Mchangiaji

Swali la rimoti. Kwa nini kubadilisha chaneli za HD kunachukua muda? Na kwa nini jirani mwenye antena anashangilia goli kabla yangu mimi ninayetazama kwa intaneti?

#13 – Mleta uzi

King'amuzi hakiwezi kuanza katikati ya sentensi, kinasubiri fremu ya I. Zikija kila nusu sekunde, utasubiri robo sekunde kwa wastani. Zikija kila sekunde mbili, utasubiri sekunde nzima, kabla ya kuongeza muda wa kujaza bafa (hifadhi ya muda ya king'amuzi) na kufungua funguo za malipo. Fremu ya I inagharimu biti mara kadhaa ya ile ya P, kwa hiyo anayezipunguza anapata picha bora kwa biti zilezile, ila rimoti inakuwa nzito na hitilafu ya mawimbi inakaa muda mrefu kwenye skrini kabla ya kusafishwa. Kwa H.264 sekunde moja naiona inatosha.

Kuhusu jirani, enkoda inayotazama fremu zijazo kabla ya kuamua lazima izishikilie kwanza, na maltipleksi nayo inahitaji muda wa kugawa. Huo ni mchezo wa sekunde chache. Kwenye intaneti video inakatwa vipande vya sekunde kadhaa, na programu inakusanya vipande kadhaa kabla ya kuanza kuonyesha. Amekutangulia hapo.

#14 – Mchangiaji

Mwisho kwangu. Nataka kupima chaneli zangu mwenyewe. Nitazame nini?

#15 – Mleta uzi

Usitazame mtangazaji wa habari. Tazama kamera inapogeuka kwa kasi juu ya nyasi, kisha inaposimama: hesabu kimoyomoyo majani yanachukua muda gani kurudi. Tazama maji, hasa mvua juu ya bwawa. Tazama kona zenye giza za tamthilia ya usiku, viboksi vinapenda kujificha humo kwa sababu enkoda nyingi zinadhani hakuna anayeangalia. Vimulimuli vya kamera za waandishi wa habari navyo ni mtihani mzuri: fremu moja nyeupe inavunja utabiri wa mbele na wa nyuma kwa mpigo.

Halafu subiri taswira inayofifia kuelekea giza. Kwenye MPEG-2 hapo ni pabaya, kwa sababu haina namna ya kusema "ni picha ileile, imepungua mwanga". Kila kipande kinaonekana kimebadilika. H.264 ina utabiri wenye uzani unaosema hivyo hasa. Ukiona chaneli ya H.264 bado inavunjika viboksi kwenye kila kufifia, kuna uwezekano enkoda yake haiitumii zana hiyo au inaitumia vibaya, na hapo wana kitu cha kurekebisha bila kununua hata megabiti moja. Waandikie, taja kipindi, saa na dakika. Fundi akipata dakika kamili anaweza kuirudia kwenye kumbukumbu na kuiona. Akipata "picha yenu mbaya" hana pa kuanzia.